Jasho Lisilokauka

Fungueni madaftari yenu. Somo la leo ni juu ya joto linalowapata watu wafanyao kazi ndani ya nyumba iliyofungwa.

Twendeni Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja. Huko watu wanalima mwani tangu mwaka 1989. Mwani ukikauka hutiwa katika magunia, na magunia huwekwa ghalani. Wakati wa kaskazi, ghala lenye paa la bati huwa kama tanuri. Mchukuzi aliyemo ndani hutoka jasho mpaka nguo ikaloa. Mchoma mikate naye ni hivyo hivyo.

Je, jasho lina kazi gani? Mwili wa mtu mzima una joto la digrii 37 hivi. Akifanya kazi nzito, joto huzidi, na jasho hutoka. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Lakini nguo mbichi haikauki upesi ndani ya chumba kisicho na upepo. Jasho nalo halikauki. Hudondoka chini bure, na mwili haupoi.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Ukiziona, acha kazi. Kaa kivulini penye upepo, unywe maji kidogo kidogo.

Mwenzako akianza kupayuka, akiyumba kama mlevi, au akianguka, hiyo ni hatari kubwa. Huenda joto lake limefika digrii 40 au zaidi, na anaweza kufa. Msiseme, "Huyu ana shetani," wala, "Mwacheni alale." Mtoeni nje upesi. Mpunguzeni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, na mmpepee bila ya kuacha. Mmoja wenu akatafute gari la kumpeleka hospitali. Ikiwa hajitambui, msimnyweshe kitu, kisije kikampalia.

Kujikinga ni bora. Fungueni milango ya pande mbili, upepo upite. Bebeni mizigo asubuhi mapema, hasa mwezi wa Ramadhani. Mgeni wa kazi apewe kazi kidogo kidogo, kwani mwili huzoea joto kwa wiki moja au mbili.

Sasa jibuni:
1. Kwa nini jasho halipozi mwili ndani ya ghala lililofungwa?
2. Mwenzako akipayuka kwa joto, utafanya nini kwanza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.