Mwerezi Uning'inizao Matawi

Mwerezi wa Atlasi ni mti wa milima ya Moroko na Algeria, na huko kwao husimama wima. Ule wa bustanini wenye matawi yanayoning'inia, ambao wataalamu huuita Cedrus atlantica 'Glauca Pendula', chimbuko lake ni vitalu vya Ufaransa katika karne ya 19. Mbegu zake hazitegemewi kutoa miche yenye umbo hilo, hivyo huzalishwa kwa kubebesha: kikonyo chake huunganishwa kwenye shina la mwerezi wa kawaida.

Kimo chake huamuliwa na mwenye bustani. Ukiachwa bila mhimili, mti huu hutambaa ardhini. Kwa hiyo chipukizi kuu hufungwa kwenye nguzo kwa kamba laini, na kadiri linavyorefuka hufungwa juu zaidi, hadi lifike kimo kinachotakiwa, pengine mita 2 au 3. Hapo huachiwa liiname. Kamba zikaguliwe kila mwaka na kulegezwa, maana shina hunenepa na kamba iliyobana hulikata gome. Wengine huyaongoza matawi juu ya ukuta au fremu, nayo majani yake ya sindano, ya buluu iliyochanganyika na kijivu, hushuka kama pazia.

Kosa la kawaida ni kuupanda karibu na nyumba. Mche wa kitaluni ni mwembamba na hudanganya. Huko Châtenay-Malabry, kusini mwa Paris, upo mmoja wa mwishoni mwa karne ya 19 ambao matawi yake, yakiwa yameegemezwa kwa mihimili, yametanda juu ya takriban mita za mraba 700. Mahali pachaguliwe mapema, kwa kuwa mti uliokwisha kushika mizizi haupendi kuhamishwa.

Unataka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Penye maji yaliyosimama mizizi huoza. Mche mchanga humwagiliwa vizuri miaka ya mwanzo, na baadaye huvumilia ukame. Sindano kuukuu zikigeuka manjano na kupukutika, si lazima uwe ugonjwa, mradi za nchani zibaki na rangi yake.

Kupogoa ni kidogo: matawi makavu ya ndani huondolewa. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo cha kubebeshea hukatwa mara moja, kwani ni ya mwerezi wa kawaida, na yakiachwa hukua kwa nguvu na kukifunika kikonyo.