Nyuki Kabla ya Masika (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza mahali pa kuweka mzinga. Hapa Timbwani nyumba zimebanana, kwa hiyo mzinga upelekwe kando, kwenye mashamba au mikoko ya upande wa Mtongwe, wala si nyuma ya jikoni. Leo tuutazame mwisho wa kaskazi.

Vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa Ulaya, navyo hufundisha namna ya kuwaauni nyuki theluji ikishayeyuka. Njaa ya nyuki wetu haiji na baridi. Huja na jua la Januari hadi Machi, maua yakiwa haba. Na nyuki wa Afrika akiishiwa hangoji kufa. Huhama, kundi zima, likakuachia masega matupu.

Njaa hiyo hugusa pia mavuno ya masika, na hesabu yake ni hii. Yai la nyuki kibarua wa Afrika huchukua takriban siku 20 kuwa nyuki kamili. Kisha hukaa ndani takriban majuma matatu akilea majana na kujenga masega, ndipo atoke kuchuma. Nyuki wa kuchuma maua ya mwanzo wa Mei basi lazima yai lake litagwe katikati ya Machi, wakati ghala la asali limekaribia kwisha. Malkia hupunguza kutaga chakula kikipungua. Ndiyo maana naona kurina masega yote Februari ni kujikatia mavuno ya masika kwa mkono wako mwenyewe.

Ili kukagua, fungua mzinga jioni, moshi kidogo tu. Ukiwa wa mapao, anza na mapao ya mwisho. Inua sega taratibu, likiwa limesimama wima, maana kwa joto letu nta hulainika na sega likilazwa hukatika. Ukiona utando mweupe na vijishimo vilivyopekechwa, huyo ni nondo wa nta: kundi limepungua, halitoshi kuyalinda masega yake. Ondoa yaliyoharibika, yenye majana na asali yaache.

Ikiwa hakuna asali kabisa, changanya sukari na maji sawa kwa sawa, uweke ndani ya mzinga wakati wa magharibi. Ukiweka nje utaita nyuki waporaji. Maji safi yawe karibu, na vipande vya makumbi vielee juu wapate pa kutua. Waya za kuning'inizia mzinga zipake grisi, siafu wasipande.

Mvua zikishika, makundi hugawanyika. Mzinga mtupu uliosuguliwa nta uwe umeshatundikwa kabla.

Juma lijalo: kurina bila kuua majana.