Kifua Kikuu cha Mtoto: Ni Nani Anayekohoa Nyumbani?

Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mlima Meru inaposhuka hadi Ngaramtoni, Tengeru na mitaa ya Jiji la Arusha, kikohozi cha mtoto hakimshtui mtu. Mzazi humvika sweta, humpa chai ya tangawizi, akasubiri. Mara nyingi huwa sahihi, kwani vikohozi vingi vya msimu huo hupona vyenyewe. Kisichopaswa kusubiriwa ni kikohozi kinachozidi wiki mbili, homa isiyoisha, uchovu unaomtoa mtoto michezoni, na uzito usioongezeka katika kadi ya kliniki. Hapo kifua kikuu hakina budi kufikiriwa.

Mtu mzima hugunduliwa kwa makohozi. Mtoto mdogo huyameza, tena vimelea vilivyomo mwilini mwake huwa vichache kiasi kwamba hata mashine ya GeneXpert huweza kutoviona. Kwa sababu hiyo, majibu yanayosema hakuna vimelea hayathibitishi kwamba mtoto hana ugonjwa. Kinyesi nacho huweza kupimwa kwa mashine hiyo, na picha ya eksirei husaidia. Lakini kwa maoni yangu, kipimo chenye thamani kubwa zaidi hakihitaji umeme: ni kumuuliza mama ni nani anayekohoa nyumbani.

Anaweza kuwa bibi, dada wa kazi, au mjomba anayerudi mwisho wa wiki kutoka migodi ya tanzanaiti ya Mererani, ambako vumbi la mawe hudhoofisha mapafu na kuyafungulia mlango maradhi haya. Usiku madirisha hufungwa kwa ajili ya baridi, na hewa ya chumba kimoja huvutwa na wote. Familia nyingine huficha kikohozi cha mtu mzima wakihofia kwamba majirani watasema ni UKIMWI. Swali hilo, basi, liulizwe faraghani, na kwa heshima.

Jibu lake huamua mengi. Mtoto mchanga aliyeambukizwa asipopewa tiba kinga, uwezekano wa kuugua katika mwaka wake wa kwanza hukaribia nusu. Chanjo ya BCG humkinga hasa dhidi ya aina kali, kama ile inayoshambulia utando wa ubongo. Haitoi uhakika kwa mapafu. Hivyo kila mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa achunguzwe, na asipokuwa na ugonjwa aanzishiwe tiba kinga, hata kama anacheza na kula vizuri. Wazazi wengi hulikataa jambo hili, kwani kumpa dawa mtoto mzima wa afya huonekana ni kumtafutia ugonjwa.

Kwa aliyekwisha kuugua, dawa za watoto huyeyuka katika maji, zina ladha ya matunda, na katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza miezi minne badala ya sita kwa ugonjwa usio mkali. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto wanaofariki kwa kifua kikuu duniani ni wale ambao hawakuanzishiwa matibabu kabisa.

Kijana wa miaka kumi na kuendelea huugua kama mtu mzima: hukohoa vimelea, naye huweza kuwaambukiza wenzake bwenini. Dawa zikifanya kazi, uambukizaji hupungua sana ndani ya wiki chache. Kumfukuza shule kwa muhula mzima hakuna msingi wa kitabibu. Anachohitaji ni matroni au mwalimu anayejua saa yake ya dawa.

Kwa wahudumu wenzangu: andikeni katika faili la mtoto majibu ya mtu mzima aliyemwambukiza. Iwapo vimelea vya mtu huyo ni sugu kwa rifampisini, dawa za kawaida hazitamfaa mtoto, naye apewe rufaa mapema kwenda Kibong'oto, wilayani Siha, hospitali inayopokea wagonjwa wa kifua tangu 1926.