Mlima Kenya, Baridi ya Ikweta

Mlima Kenya ni volkeno iliyozimika, na mstari wa ikweta unapita katika miteremko yake ya kaskazini. Yapata miaka milioni tatu iliyopita ulikuwa bado ukitapika moto, na huenda kimo chake kilizidi mita 6,000. Kreta ya wakati huo imekwisha kuliwa na barafu na mvua. Kilichosalia juu ni mwamba mgumu ulioganda kooni mwa volkeno, nao ndio uliozaa vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), vilivyosimama wima hata havipandiki bila kamba. Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu, na wageni wengi huishia hapo.

Mabonde yaliyo chini ya vilele yalichongwa na barafu, na vijiziwa vya bluu vimejaa palipochimbika zaidi. Barafu yenyewe inakwisha. Ile ya Lewis, ambayo wanasayansi wameipima kwa muda mrefu kuliko nyingi za ukanda wa joto, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Hasara hiyo inahuzunisha, lakini si kweli kwamba mito itakauka siku barafu itakapomalizika, kwa kuwa mchango wake katika maji ya mlima ni mdogo. Wenye kuhifadhi maji ni msitu na nyanda za majani zenye tope zilizo juu yake, ambazo hunyonya mvua na kuiachilia polepole. Kutoka hapo mto Tana hupata sehemu kubwa ya maji yanayozungusha mitambo ya umeme ya Masinga hadi Kiambere, kisha huteremka hadi Bahari ya Hindi. Ewaso Ng'iro nao huelekea kaskazini kukavu, ambako wafugaji na wanyama wanautegemea.

Upande wa kusini na mashariki ndio wenye mvua nyingi. Huko kuna mikafuri na mianzi iliyosongamana. Kaskazini ni kukavu, mierezi hutawala na mianzi karibu haipo. Juu ya mita 3,000 hivi huja miti ya hagenia yenye ndevu za kuvumwani, halafu vichaka vya erika, na kuanzia takriban mita 3,500 hufunguka uwanda wa juu, sehemu ya ajabu kuliko zote.

Katika milima ya Ulaya mmea hulala miezi ya baridi na kuamka theluji ikiyeyuka. Katika ikweta hakuna pa kulala: jua huchoma mchana, maji huganda usiku, na kesho yake ni vivyo hivyo, mwaka mzima. Mimea ya hapa imebidi ijifunze kujilinda kila usiku. Senesio kubwa, ambayo hupita kimo cha mtu, haiangushi majani yake makavu. Huyaacha yameuzunguka shina kama blanketi, na jioni majani mabichi hujikunja juu ya chipukizi. Lobelia ya bonde hutunza maji katikati ya majani yake. Usiku uso wa maji hayo huganda, lakini chini ya barafu hiyo chipukizi hubaki salama. Lobelia ya Teleki, inayopenda miteremko mikavu zaidi, imejifunika manyoya marefu ya kijivu. Baada ya kukua miaka mingi huchanua mara moja tu, kisha hufa.

Ndege aitwaye chozi, mwenye rangi ya kijani inayong'aa, hutafuta nekta na wadudu katika lobelia hizo. Pimbi wa miambani wana manyoya mazito kuliko ndugu zao wa nyanda za chini, nao huwindwa na tai na bundi. Ndovu na nyati huishi zaidi msituni, ingawa nyayo zao huonekana hadi kwenye uwanda wa juu.

Kwa Wakikuyu mlima huu ni Kirinyaga, makao ya Ngai (Mungu), na Wameru na Waembu pia wanauheshimu. Mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Wasomi wa Ulaya walikataa kuamini habari yake, kwamba kuna theluji ikweta. Mnamo 13 Septemba 1899 mwanajiografia Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian pamoja na waongozaji wake César Ollier na Joseph Brocherel. Mizigo ya msafara wake ilibebwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu, ambao wanastahili kukumbukwa zaidi ya walivyokumbukwa. Vilele vilipewa majina ya malaibon (viongozi wa kiroho) wa Kimaasai: Mbatian, nduguye Neilieng, na mwanawe Olonana.

Mwaka 1943 Waitaliano watatu, wakiongozwa na Felice Benuzzi, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki. Wawili kati yao walipandisha bendera yao Lenana, kisha wote wakarudi kambini wenyewe. Miaka kumi baadaye msitu ulikuwa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau chini ya Waruhiu Itote, Jenerali China, hadi alipokamatwa Januari 1954. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipeperusha bendera ya Kenya mlimani.

Mbuga ya kitaifa ilitangazwa mwaka 1949, na mwaka 1997 UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia. Kwa muda mrefu sheria ililinda sehemu za juu kwa ukali zaidi kuliko msitu unaozizunguka. Ukaguzi wa angani wa mwaka 1999 ulionyesha athari zake: miti ya asili iliyokatwa, matanuri ya makaa na mashamba ya bangi. Mwaka uliofuata Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilikabidhiwa msitu huo. Mwanzoni mwa 2011 ndovu walianza kupita chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kwa njia waliyojengewa kuwaunganisha na msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Bongo wa milimani, aina ya swala ambao porini hawafiki mia moja, wanazalishwa karibu na Nanyuki, na mwaka 2022 baadhi yao walihamishiwa eneo la Mawingu lenye uzio, wazoee kujitafutia chakula msituni.