Taa Ilikuwa ya Njano

Karatasi yenyewe ni nyembamba, ya aina ile inayotoka katika vimashine vya mkononi, na maandishi yake hufifia upesi ikiachwa juani. Dereva mmoja wa Fuso, mkazi wa Muleba, aliilaza juu ya meza jioni moja, akaiwekea kikombe cha chai isipeperushwe na upepo. Alikuwa ameandikiwa Mwanza, siku mbili nyuma, alipokuwa amepeleka ndizi sokoni. Kosa: kupita taa nyekundu. Faini: shilingi 30,000.

"Taa ilikuwa ya njano," alisema. "Hii silipi. Nitakwenda kwa hakimu."

Mkewe, aliyekuwa akimenya ndizi za usiku, hakujibu neno.

Ndugu msomaji, yumkini nawe umewahi kukaa mbele ya karatasi kama hiyo, moyo ukikuambia hivi na mfuko ukikuambia vingine. Basi na tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa maana aghalabu huamuliwa kwa hasira ama kwa uvivu.

Jambo la kwanza ni kwamba hati ile si hukumu. Kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, askari anayeamini kwamba umetenda kosa anaweza kukupa hati ya kukuarifu, na hati hiyo inakuachia njia mbili: ukubali kosa na kulipa faini iliyowekwa, au ulikane ukajieleze mbele ya mahakama. Ukilipa, shauri limekwisha, lakini fahamu kwamba umekiri. Wengi wetu hulipa faini ya barabarani kama tulipavyo ushuru wa soko, tukaondoka tukinung'unika kwamba tumeonewa, na ilhali kwa kulipa kwetu tumekubali kosa.

Kiasi chenyewe kinajulikana. Kwa magari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Wenye pikipiki na bajaji nao walikuwa wakitozwa vivyo hivyo hadi Bajeti ya mwaka 2021/22 ilipowashushia mpaka shilingi 10,000, nafuu ambayo kijana wa bodaboda pale Kashai au Hamugembe anaijua vizuri kuliko mimi. Kuitupa karatasi hakusaidii. Deni hulifuata gari kwa namba zake, likaongezeka kwa kucheleweshwa, na askari atakayelisimamisha mwezi ujao, awe Rwamishenye au Biharamulo, ataliona kwenye mashine yake.

Hapo ndipo penye uzito kwa mfanyakazi. Fuso lile si la dereva wetu, ni la tajiri wake aliye Bukoba. Deni linaandikwa juu ya gari, na tajiri hulikata katika posho ya safari. Shilingi 30,000 hazikuwa za tajiri wala za Serikali jioni ile. Zilikuwa za sare ya mtoto wa darasa la tano.

NJANO NI NINI?

Taa ya kwanza ya kuongoza magari iliwekwa London mwezi Desemba 1868, nje ya Bunge la Uingereza. Ilikuwa ya gesi, na mwezi uliofuata ikalipuka na kumjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha. Tangu siku hizo za mwanzo, basi, askari na taa wamekuwa na habari zao. Rangi ya njano ilikuja baadaye, nayo ndiyo iliyoleta ubishi usiokwisha.

Madereva wengi huichukulia njano kama amri ya kukanyaga mafuta. Maana yake ni kinyume chake: simama, isipokuwa umekwisha kuukaribia mstari kiasi kwamba kusimama ghafla kungeleta hatari. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 katika kila sekunde. Fuso lililosheheni mikungu halisimami kama gari dogo. Kwa hiyo yupo dereva aliyepita njano kihalali, tena kwa busara, na yupo aliyeiona akiwa mbali akaishindania. Anayewatazama kutoka pembeni huweza kuwaona sawasawa.

Vilevile uliza askari alikuwa amesimama wapi. Aghalabu asimamapo ng'ambo ya makutano huiona taa ya barabara nyingine, na huihesabu ya kwako kwa kukisia: hii imekuwa kijani, basi ile ilikuwa nyekundu. Huenda amekisia sawa. Lakini kukisia na kuona ni mambo mawili, na swali hilo laweza kuulizwa mbele ya hakimu bila ya kumvunjia mtu heshima.

BEI YA KUKANA

Sasa chukua kalamu. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, kosa kwa kawaida husikilizwa na mahakama ya pale lilipotendeka. Dereva wa Muleba anayekana kosa la Mwanza hataitwa mahakama ya Muleba; atarudi Mwanza. Atapita Biharamulo na Geita, atavuka Daraja la Magufuli pale Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ambalo kwa kweli limetuondolea foleni ya kivuko lakini halikufupisha barabara iliyobaki. Siku ya kwanza atasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Akisema si kweli, itapangwa siku nyingine ya mashahidi, na yeyote aliyepata kukaa katika benchi la mahakama anajua kwamba shauri huahirishwa. Hesabu nauli, chakula na malazi, na siku ambazo Fuso litaendeshwa na mtu mwingine. Ukishinda, usitarajie kurudishiwa nauli. Ukishindwa, hakimu hafungwi na zile 30,000 za kwenye hati.

Kwa upande wa pili, mwananchi haendi kule mikono mitupu. Ibara ya 13 ya Katiba inamtaka kila mtu asikilizwe kwa ukamilifu, na inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Anayeshtaki ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Wewe huna wajibu wa kuthibitisha kwamba taa ilikuwa ya njano. Na tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, hivyo mtu wa usukani hana haja ya kuogopa kwamba shauri lake litamalizwa juu ya kichwa chake.

Ipo na njia ya tatu, ambayo kila msomaji anaijua: noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa na anayepokea wote wana kosa, nalo ni zito kuliko la taa. Mtu anayedai ameonewa kisha akatoa noti, amelinunua kosa ambalo hakuwa nalo.

Ikiwa umeazimia kukana, amua ungali palepale. Soma hati kabla gari halijaondoka: namba za gari, mahali, saa, kosa lililotajwa. Andika jina au namba ya askari na mahali alipokuwa amesimama. Utingo wako ni shahidi, ila mnakula chungu kimoja na hakimu atalipima hilo. Muuza matunda aliye pembeni ya makutano ni shahidi bora, iwapo atakubali. Kisha, kabla hujalivuka daraja kurudi nyumbani, nenda kwa mkuu wa kikosi cha usalama barabarani wa hapo ukaeleze lalamiko lako kwa adabu. Dereva wetu hakufanya hata moja kati ya hayo. Alikasirika, akapokea karatasi, akaondoa gari.

Na si kwamba hajui kudai haki yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, gari lake lilikutwa na deni la mwendo kasi la mkoa asiokuwa amekanyaga mwaka mzima. Siku iliyotajwa, Fuso lilikuwa juu ya mawe katika gereji moja mjini Bukoba, limevuliwa gia boksi. Alikwenda na stakabadhi ya fundi yenye tarehe, akaenda mara ya pili, na mara ya tatu akiwa na tajiri mwenyewe. Deni likafutwa, namba ya gari jingine ilikuwa imeandikwa vibaya kwa herufi moja. Safari zile tatu zilimgharimu zaidi ya faini yenyewe, lakini hajapata kuzijutia hata siku moja.

Ndiyo maana nilimuuliza jioni ile kwa nini hili la Mwanza analisemea kwa sauti kubwa zaidi kuliko lile. Kabla hajanijibu, mkewe aliweka kisu chini.

"Baba watoto," alisema, "ulipoiona hiyo njano, mguu wako ulikuwa wapi?"

Alinyamaza kitambo. Nje, mvua ilikuwa imeanza kupiga juu ya migomba. Mkoa huu ulizika watu wake wa MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza kupita kiasi, na hakuna nyumba kubwa Muleba wala Bukoba isiyo na jina la kutaja. Watu wa hapa wanajua kwamba sheria za vyombo vya usafiri hazikuandikwa kwa ajili ya kujaza makabati.

"Nilikuwa mbali bado," alisema hatimaye. "Nilikanyaga. Nilitaka kuwahi soko."

"Na ilipobadilika?"

"Sikuiangalia tena. Nilikuwa namwangalia mwenye mkokoteni."

Mama yule akaendelea kumenya ndizi. Alipomaliza, alinawa mikono, akaenda chumbani, akarudi na simu yake, maana fedha za sare zilikuwa zimehifadhiwa humo. Akamsomea mumewe tarakimu za kumbukumbu ya malipo kutoka kwenye ile karatasi, moja baada ya moja, naye akazibonyeza. Ujumbe wa kuthibitisha malipo ulipoingia, dereva aliomba kalamu ya mwanawe na daftari tupu. Akaandika juu ya jalada namba za Fuso, na asubuhi iliyofuata alilichomeka nyuma ya kivuli cha jua cha upande wa utingo, kisha wakaenda Kamachumu kupakia.