Data huria za ramani na usafiri

Data huria za ramani na usafiri ni taarifa kuhusu mahali, barabara, vituo na ratiba ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzisambaza bila malipo. Mara nyingi hukusanywa na taasisi za umma. Suala la nani azimiliki lilileta ubishi mkubwa nchini Uingereza.

Historia

Shirika la ramani la Ordnance Survey lilianzishwa mwaka 1791 kwa mahitaji ya jeshi. Tangu mwaka 1999 lilitakiwa kujiendesha kwa mapato yake lenyewe, hasa kwa kuuza leseni za data. Sehemu kubwa ya mapato hayo ilitoka kwa idara za serikali na halmashauri, yaani kwenye kodi. Wakosoaji walisema kwamba mwananchi alilipa mara mbili: kwanza kwa kodi, halafu kwa leseni alipotaka kuitumia ramani hiyohiyo.

Mwaka 2004 Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Mwezi Machi 2006 gazeti la The Guardian lilianza kampeni ya kudai data za umma ziwe huria. Tarehe 1 Aprili 2010 Ordnance Survey ilitoa bure sehemu ya data zake, zikiwemo ramani kadhaa na mahali pa misimbo ya posta. Ramani zake zenye undani zaidi ziliendelea kuuzwa.

Katika usafiri, Transport for London ilifungua data za safari zake, na watu wa nje wakatengeneza programu za simu zinazomwonyesha abiria basi litafika lini.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono husema nakala moja zaidi ya data haigharimu karibu chochote, na faida yake huenea kwa wengi. Wanaopinga hukumbusha kwamba barabara na majengo hubadilika kila siku. Mapato ya leseni yakikoma, serikali isipotenga fedha za upimaji, ramani itachakaa.

Afrika Mashariki

Jijini Nairobi hapakuwa na data huria za njia za matatu. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ulizirekodi kwa simu za mkononi na kuzitoa bure mwaka 2014. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa na mifereji katika OpenStreetMap, ili maeneo yanayokumbwa na mafuriko yajulikane.