Imeshapanda Kitonga?

Mtu anayetaka kununua gari Dar es Salaam haanzi kwa muuzaji. Anaanza kwa fundi wake, na kama hana fundi, kwa fundi wa shemeji yake. Swali ni lile lile kila Jumamosi: kati ya Premio, Allion, Corolla na Mark II, lipi halitanisumbua? Likishatamkwa gereji, spana zinawekwa chini kidogo, na waliokuwa wanasubiri magari yao kwenye benchi wanasogea karibu.

Mzee mwenye Mark II GX100 ndiye hupewa nafasi ya kwanza, kwa umri wake na wa gari lake. "Hii ni silinda sita, wanangu. Haifi." Kijana wa Premio anamjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee, haifi kweli, lakini kwa pesa ya mafuta yake utalisha familia." Mwenye Nissan Bluebird Sylphy anazungumza mwisho, maana anajua ataulizwa habari ya spea. Hakuna anayetaja takwimu za kiwandani. Ushahidi unaokubalika hapa ni wa mtu na barabara: nimekwenda nayo Songea nikarudi, haijawahi kunilaza njiani. Ndiyo maana kuna swali linaloweza kumaliza ubishi wa nusu saa: imeshapanda Kitonga? Mlima ule, njia ya Morogoro kwenda Iringa, umewachemshia wengi magari yao, na gari lililopanda na watu watano, mizigo na kiyoyozi kikiwa kimewashwa hupata heshima isiyopingwa na tangazo lolote.

Premio yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya familia za Japani. Jina hilo lilisimama peke yake mwaka 2001, likirithi Corona Premio, na nduguye Allion akachukua nafasi ya Carina. Yote mawili yalikoma kutengenezwa mwaka 2021. Japani gari binafsi jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huwafanya wengi waliuze likiwa bado na nguvu. Wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, basi usukani tayari uko pale tunapoutaka. Likishatoka bandarini linabaki na dalili za kwao. Kila asubuhi sauti ya mwanamke inamkumbusha dereva kwa Kijapani kwamba hajachomeka kadi ya barabara za kulipia. Redio inagota kwenye 90, mpaka fundi wa umeme aongeze kifaa ndipo stesheni za juu zisikike. Na kuna wanaoacha nailoni kwenye viti miaka mingi, wakivumilia joto la Dar, ili siku ya kuuza mnunuzi aone mwenyewe jinsi gari lilivyotunzwa.

Ubishi ukifika kwenye D4, sauti zinapanda. Premio ya 2000 cc ya toleo la kwanza ilikuja na injini ya 1AZ-FSE, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mfumo huo, ndio D4 yenyewe, unataka petroli safi na pampu yenye afya. Tena, kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa na kuzisuuza, masizi hujijenga hapo taratibu. Injini hizi zilikuja mikononi mwa mafundi waliolelewa na 5A na 7A za Corolla na Carina, injini zinazosamehe mengi. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, kama kilikuwapo. Gari likitetemeka, zilibadilishwa plagi. Likizidi, pampu ikafunguliwa na asiyeijua. Habari zikaenea, na mpaka leo muuzaji hutangaza "siyo D4" kama anayetangaza kwamba gari halijapata ajali. Kwenye bodi hiyo hiyo ya Premio, injini ya 1NZ-FE ya 1500 cc husifiwa hadi kupitiliza. Hukumu ya D4 ilikuwa na haki kwa kiasi. Sehemu iliyobaki tuliisababisha sisi wenyewe, na benchi halipendi kulisema hilo.

Mfano ulio wazi ni themostati. Gari likichemsha mara moja, fundi hulifungua, akaitoa themostati na kumwambia mteja: "Bosi, huku kwetu joto, hii haina kazi." Mteja analipa na kushukuru. Kuanzia hapo maji yanazunguka bila kizuizi, injini inachelewa kupata joto lake la kazi, na kwenye barabara ndefu huenda isilipate kabisa. Kompyuta inadhani injini bado ni baridi, inazidisha petroli. Miezi michache baadaye mwenye gari yuko benchi akilalamika kwamba Premio inakula mafuta. Rejeta inajazwa maji ya bomba badala ya kulanti, kutu inaanza ndani, na gari linachemsha tena. Kitabu kinaruhusu oili nyepesi ya 5W-30, mtu anamimina 20W-50 kwa sababu marehemu baba yake alitumia hiyo hiyo. Na wenye Premio za toleo la pili, zenye gia boksi ya CVT, wamewekewa oili ya gia boksi ya kawaida, kisha wakaambiwa CVT ni mbovu. Inaniuma kusikia gari likitukanwa kwa ugonjwa lilioambukizwa gereji.

Pamoja na hayo, benchi lina hekima ambayo hakuna kitabu kitakupa. Gari linaitwa imara hapa pale magonjwa yake yanapojulikana na watu wengi. Bushi za Premio zikifa kwa matuta, fundi anajua kwa mlio tu. Anampigia mtu wake wa spea kule Gerezani, na spea iliyotumika, iliyopitia Dubai, inafika kwa bodaboda kabla ya chakula cha mchana. Sylphy inaweza kuwa na injini nzuri vile vile, lakini ikisubiri kifaa siku tatu, mwenyewe anapanda daladala siku tatu. Hilo ndilo linalopimwa, na wenye Nissan wanalijua.

Nairobi wanabishania magari mapya zaidi, maana Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania linapokelewa kwa ushuru wa ziada, kwa hiyo kwetu "namba D" au "namba E" kwenye kibao hueleza lini lilisajiliwa nchini tu, na gari lenye namba ya juzi laweza kuwa la 2003.

Kuna desturi moja ningependa ife. Dada aliyenunua gari kwa fedha yake bado huja gereji na kaka yake ili kaka azungumze. Wauzaji wenyewe husifu gari kwa kusema "alikuwa anaendesha mama", wakikiri kwamba wanawake hutunza. Yeye ndiye anayelisikia gari kila siku kutoka Mbagala hadi Posta. Fundi amsikilize yeye.

Siku hizi vijana wamekuja na mashine za kusoma misimbo ya hitilafu za injini, na wazee wanaotega sikio kwenye boneti wameanza kuwaita wasaidie. Wamewahi kwa wakati, kwa sababu haibridi zinaongezeka, na tayari nasikia benchi likizitamka kwa sauti ile ile ya D4: betri inakufa, usiguse. Nyingi za Toyota hupoza betri kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma, na vumbi letu huliziba. Kabla mtu hajanunua betri nyingine, afungue pale kwanza, atazame kama kichujio kimewahi kusafishwa tangu gari lishuke melini.